Maswali ya Wasomaji: Oili Ipi kwa Injini Iliyochoka?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja. Gari limezeeka, fundi anasema tia oili nzito, muuza duka anasema tia nyepesi, na mwenye gari amesimama katikati na kidumu mkononi. Tumechagua barua saba. Msimamo wetu katika majibu yote ni huu: mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari hauchagui oili. Kwanza tazama injini iliundwa kutumia nini, kisha tazama hali yake ya leo, na hali hiyo hupimwa kwa geji.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Corolla AE110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE, imeshatembea kilomita 260,000. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, sikisomi. Fundi wangu hutia 20W-50 siku zote, anasema injini ikizeeka inataka oili nzito. Dukani wananiambia 5W-30. Nimsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu yetu, wote wawili wamekujibu kabla ya kuipima injini. Hoja ya fundi ina ukweli ndani yake, ila kuna kipimo kimoja amekiruka.

Tuanze na namba. Ile yenye herufi W inaeleza oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi. Ya pili inaeleza unene wake ikishafika nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kipimo cha SAE (chama cha wahandisi wa magari), oili ya 30 katika joto hilo ina mnato, yaani unene, wa sentistoki 9.3 hadi 12.5, ya 40 ina 12.5 hadi 16.3, ya 50 ina 16.3 hadi 21.9. Injini ikiwa haijapata moto vizuri pengo huwa kubwa zaidi. Kwa nyuzi 40 tu, 10W-30 nyingi ziko karibu na sentistoki 70, 15W-40 karibu na 110, na 20W-50 karibu na 160. Morogoro hakuna barafu, kwa hiyo hata 20W itavutwa na pampu bila shida. Lakini oili nzito huchelewa kupanda hadi kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na sekunde hizo za mwanzo baada ya kuwasha ni za msuguano mkubwa.

Kwa nini basi watu huongeza unene injini ikichoka? Kati ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake kuna nafasi ndogo mno. Kwenye konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) za injini mpya za aina hii ni takriban milimita 0.02 hadi 0.05. Oili hujaa hapo na kuibeba krenki isigusane na beringi. Beringi zikilika nafasi hupanuka, na oili hutoka pembeni kwa kasi isiyolingana na upanuzi wenyewe: nafasi ikiongezeka mara mbili, uvujaji huongezeka mara nane. Pampu ni ileile, kwa hiyo presha inashuka. Oili nzito hutoka polepole zaidi, na presha inapanda tena. Hapo fundi wako yuko sahihi, mradi presha iwe kweli imeshuka.

Kipimo chenyewe si cha gharama. Fungua swichi ya presha ya oili kwenye bloku, ile yenye waya mmoja. Nyuzi zake ni za robo nusu, yaani 1/8. Funga geji ya mkono mahali pake. Endesha gari dakika 20 hadi feni ya rejeta iwe imefanya kazi, kisha soma. Kwenye sailensa, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, isipungue 0.3 kg/cm², yaani karibu psi 4. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya 2.5 na 5.0, yaani psi 36 hadi 71. Pima ukiwa na oili mpya inayojulikana, maana oili iliyochanganyika na petroli husoma chini.

Ukipata katikati ya vipimo hivyo kwa 10W-30 au 10W-40, kaa hapohapo. Kwa joto la Morogoro na kilomita ulizo nazo, sisi tungeanzia 10W-40, au 15W-40 kama 10W-40 ni ghali kwenu. 20W-50 iwe hatua ya baadaye, pale geji inapoonyesha kwamba kwa 15W-40 presha ya sailensa inagusa mpaka wa chini. Na kama hata kwa 20W-50 haipandi, acha kutafuta oili. Fungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, uangalie beringi, pampu, na valvu ya kupunguza presha.

Wapo wanaofurahi wakiona geji imepanda juu kabisa. Presha kubwa si dalili kwamba oili nyingi inapita. Ikizidi mno, valvu ya pampu hufunguka na kurudisha oili kwenye sampu kabla haijafika ilikotakiwa.

Sasa kuna jambo ambalo kwetu ni zito kuliko namba ya unene, nalo ni herufi za API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) nyuma ya kidumu, zinazoonyesha daraja la oili. Oili nyingi za bei ya chini za 20W-50 zimeandikwa SC au SF. API yenyewe inasema SF haifai injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka 1988, na SC baada ya 1967. Yako ni ya 1998. Tafuta SJ kwenda mbele: SL ya 2001, SM ya 2004, SN ya 2010 au SP ya 2020. Kama fundi wako amekuwa akitia 20W-50 ya SC, madhara ya hizo herufi mbili ni makubwa kuliko ya ile 50.

Na kiasi: injini yako inachukua karibu lita 3 pamoja na filta. Kidumu kinauzwa cha lita 4, na gereji nyingi humimina chote. Lita moja ya ziada huifikia krenki inapozunguka, oili inapigwa hadi kutoa povu, na povu halibebi beringi. Sili za krenki nazo huanza kuvuja. Mwaga oili ikiwa vuguvugu, gari likiwa sawa, kwa spana namba 14. Badilisha washa ya nati ya sampu. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta, izungushe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana kuifunga. Tia lita 2 na nusu, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima, kisha ongeza kidogokidogo hadi alama ya F kwenye kijiti cha kupimia. Kinachobaki kiweke kwenye buti. Ndicho cha kuongezea.

SWALI: Hamjambo. Gari yangu ni Premio ya 2003, injini 1ZZ-FE. Inakula karibu lita moja kila kilomita 1,000. Haivuji popote. Mekanika amenishauri nihamie 20W-50 ili ipunguze. Nifuate? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hatukushauri. Injini hii ina kasoro ya asili inayojulikana, na unene wa oili hauiponyi.

Pistoni za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zina matundu machache na madogo nyuma ya ringi ya oili. Matundu hayo ndiyo yanayorudisha chini oili inayokwanguliwa ukutani mwa silinda. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, matundu huzibwa na masizi, ringi ya oili inaganda kwenye mfereji wake, na oili haina tena njia ya kurudi. Inapanda juu na kuungua. Toyota baadaye ilibadilisha umbo la pistoni hizo.

Hata hivyo usiihukumu kabla ya kuondoa sababu ndogo. Anza na valvu ya PCV, ile inayonyonya hewa ya ndani ya injini kuipeleka kwenye manifoldi. Itoe uitikise, isipotoa mlio wa kugongagonga ndani, imeganda. Ni kifaa cha bei ndogo, na ikikwama wazi hunyonya oili, ikiziba hupandisha presha ndani na kusukuma oili kupitia sili.

Kisha usome moshi. Shuka mteremko wa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu ukiwa umeachia mafuta, halafu kanyaga chini kule. Likitoka wingu la buluu mara moja kisha likaisha, sili za valvu zimekauka, kwa sababu ukiachia mafuta manifoldi hunyonya kwa nguvu na oili hupita kwenye miguu ya valvu. Pia utaona moshi asubuhi wakati wa kuwasha tu. Moshi unaotoka ukipanda na mzigo, na kuendelea kutoka, huo ni wa ringi.

Mtu akikupimia kompresheni na kukuambia iko vizuri, usidhani ringi zimepona. Kompresheni hushikiliwa na ringi mbili za juu. Ringi ya oili ni ya tatu, na inaweza kuwa imeganda kabisa huku kompresheni ikisoma sawa. Kwenye 1ZZ-FE hiyo ni hali ya kawaida, na imewapoteza mekanika wengi.

Kuhusu unene: injini yako ina VVT-i, na mfumo huo hutumia presha ya oili kuzungusha kamshafti ya kuingiza hewa. Oili inapitia valvu ndogo ya umeme yenye chujio dogo mno. Oili nzito, na zaidi ikiwa na masizi, huichelewesha, na kompyuta huwasha taa ya injini kwa msimbo wa hitilafu kama P1349 au P0011. Kwa hiyo 5W-30 au 10W-30 ni ya kawaida kwake, 10W-40 ni sawa kwa injini inayokula oili kama yako, na hatungevuka 15W-40.

Vitabu vingi vya Toyota vya miaka hiyo vinakubali hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Hicho ni kikomo cha mwisho. Anayefika hapo asijipongeze. Dawa ya kudumu ni kutoa pistoni, kutia ringi mpya na pistoni za umbo jipya. Wengine hujaribu kwanza kulowesha ringi kwa dawa ya kuyeyusha masizi kupitia matundu ya plagi usiku kucha. Mara nyingine inasaidia kiasi. Ukijaribu, zungusha injini kwa stata plagi zikiwa nje kabla ya kuzirudisha, la sivyo maji ya dawa yaliyobaki juu ya pistoni yanaweza kukunja konrodi. Na badilisha oili papo hapo, maana dawa imeshateremka kwenye sampu.

Wakati unajipanga kwa gharama hiyo, badilisha oili kila kilomita 5,000 na upime kila unapojaza tanki. Oili ikishuka chini ya L, kinachoumia kwanza ni cheni na kikaza-cheni chake kinachotegemea presha hiyohiyo.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, nimeitunza. Muuza oili ananiambia API SP ndiyo bora kuliko zote, hivyo niitumie. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam, mzee wetu. SP ni bora kwa injini ilizoandikiwa. Kamshafti ya Beetle inasuguana uso kwa uso na tapeti zake bapa, hakuna rola katikati, na kinachozilinda ni kiungo cha zinki na fosforasi ndani ya oili. Fosforasi huharibu kichujio cha moshi cha magari mapya, kwa hiyo tangu SM imewekewa kikomo cha asilimia 0.08 kwa oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. Oili za 15W-40 na 20W-50 hazibanwi na kikomo hicho. Kwa hiyo usitie SP ya 5W-30 kwenye gari hilo, kwa wembamba wake na kwa upungufu wa zinki pia.

Oili ya asili yake ni SAE 30 isiyo na namba ya W, na SAE 40 kwa nchi za joto kali, na Mombasa ni mojawapo. Ukikosa, 15W-40 ya dizeli yenye API CI-4 ina fosforasi ya kutosha na husafisha vizuri.

Injini hiyo haina filta ya oili, ina chujio la waya tu, na inachukua lita 2.5. Ndiyo maana oili yake haifai kuzidi kilomita 5,000. Kila unapoibadilisha toa bamba la chini lenye nati sita, osha chujio kwa petroli, weka gasketi mbili mpya za karatasi na washa sita mpya za shaba. Nati hizo ni ndogo, hukazwa kwa Nm 7 tu. Anayezikaza kwa nguvu za mkono mzima hung'oa stadi kwenye bloku la magnesi, na kuirudisha ni kazi ya kuchonga nyuzi upya. Injini hii hupozwa na hewa pamoja na oili, kwa hiyo oili ikipungua nusu lita umeondoa sehemu ya tano ya kipozeo pia.

SWALI: Land Cruiser yangu ina 1HZ. Nimetia oili mpya Jumatatu, Jumatano ilikuwa nyeusi tititi. Fundi anasema nimeuziwa feki. Pia nataka kujua kama naweza kutumia oili ya petroli iliyobaki. (Msomaji, Singida)

JIBU: Weusi si ushahidi wa ufeki. 1HZ huchomea dizeli kwenye chumba kidogo cha pembeni kabla moto haujaingia kwenye silinda, na masizi mengi hushuka kwenye oili. Oili nzuri huyashika masizi hayo yakielea, yasigande kwenye vifereji. Oili ambayo ingebaki safi wiki mbili kwenye injini hii ingekuwa inayaacha masizi ukutani. Isitoshe, ukimwaga hubaki kiasi cha oili ya zamani ndani, na hicho kinatosha kuichafua mpya siku ya kwanza.

Oili ya petroli tupu, yaani kidumu chenye S peke yake bila C, usiitie. Haikuundwa kubeba masizi ya kiasi hicho. Tumia 15W-40 yenye CF-4, au bora CI-4. Zile za CD ni za zama za nyuma, wakati dizeli ilikuwa na salfa nyingi. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Salfa ikiungua hutengeneza asidi, na oili inabeba dawa ya kuiua. Sasa asidi imepungua, lakini masizi yako palepale, kwa hiyo usirefushe muda kwa sababu hiyo. Barabara za vumbi kama zenu, baki kwenye kilomita 5,000. Inachukua kati ya lita 9 na 10 pamoja na filta. Tunajua ni fedha nyingi, bali kufungua injini ya silinda sita ni nyingi zaidi.

Kwa Singida tungekuhimiza uangalie na njia ya hewa. Pitisha kidole ndani ya paipu kati ya filta ya hewa na injini. Ukikuta vumbi, kuna mahali panapitisha, na hakuna oili inayoweza kulinda ringi dhidi ya mchanga.

SWALI: Nina Mark II ya zamani. Nikihamia oili ya sintetiki itavuja? Na je, niioshe kwanza kwa dizeli kama wanavyofanya gereji? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Sintetiki za miaka ya 1970 ziliwahi kusumbua sili za mpira, na sifa hiyo imebaki midomoni hadi leo. Za sasa hazifanyi hivyo. Linalotokea ni jingine: sili iliyokauka inaweza kuwa ilizibwa na uchafu uliogandamana, na oili safi ikiuosha, uvujaji uliokuwepo unaonekana. Anayetaka kuhama kwa salama aangalie kwanza chini ya kifuniko cha oili kwa tochi. Pakiwa na rangi ya kahawia nyepesi, hama. Pakiwa na tope jeusi kama grisi, kaa na oili ya kawaida yenye SL au SN na uibadilishe kila kilomita 2,000 mara tatu. Filta mpya kila mara.

Dizeli usiitie, wala mafuta ya taa. Haibebi beringi, na inang'oa mabonge makubwa badala ya kuyayeyusha. Mabonge hayo huenda moja kwa moja kwenye chujio la pampu chini ya sampu. Gari hutoka gereji likiwa kimya, taa ya oili inawaka siku ya tatu barabarani, na kufikia hapo injini imenoki. Tope likiwa jingi kiasi hicho, njia sahihi ni kufungua sampu, kuliosha chujio kwa mkono na kurudisha.

SWALI: Nitajuaje oili halisi? Muuzaji hunipakia kidoleni nisikie utelezi. (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Kidole hakijui. Hata oili chakavu iliyochujwa huteleza. Angalia pete ya kifuniko kama haijakatika, karatasi ya alumini chini yake, namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki ya kidumu chenyewe, na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Herufi za API ziandikwe wazi. Kidumu kinachosema "kwa magari yote" bila API wala SAE kiache dukani. Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa huwezi kujua imepitia wapi. Kama una shaka kwamba ina maji, dondosha tone kwenye kipande cha bati kilichopashwa moto vizuri: likichacharika kama chumvi motoni, kuna maji. Tone likitulia, maji hayamo, lakini hapo hujathibitisha ubora wake.

Na vidumu vyako vitupu vitoboe kabla ya kuvitupa. Wanaookota vidumu vizima vyenye lebo safi ndio wanaovijaza upya.

SWALI: Taa ya oili ya Corolla yangu inapepesa gari likisimama kwenye foleni likiwa na moto, nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Nakwenda safari wiki ijayo. Pia chini ya kifuniko naona kitu cheupe kama maziwa. (Msomaji, Iringa)

JIBU: Tuanze na maziwa, maana yanaweza kuwa si kitu. Iringa asubuhi ni baridi, na gari linalotembea kilomita mbili sokoni na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Futa, endesha saa nzima barabara kuu, angalia tena. Yasiporudi na maji ya rejeta hayapungui, sahau. Lakini kama kijiti cha kupimia nacho kina rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Usiwashe tena hadi ifunguliwe.

Taa ndiyo ya haraka. Swichi yake huwasha taa presha ikishuka karibu na ule mpaka wa 0.3 tulioutaja kwa msomaji wa Morogoro, kwa hiyo inapopepesa hakuna akiba. Pima oili kwanza. Ikiwa iko F, toa swichi uweke geji ya mkono injini ikiwa na moto. Geji ikisoma 0.6 au zaidi kwenye sailensa, swichi imekufa; nunua mpya, paka gundi ya nyuzi kidogo bila kufunika ncha ya chini, maana inahitaji kugusa chuma ili ipate hasi. Geji ikikubaliana na taa, badilisha oili na filta, tia 15W-40 mpya, upime tena. Ikibaki chini, safari iahirishwe na sampu ifunguliwe: safisha chujio la pampu, kisha fungua kofia moja ya konrodi, ya silinda ya mwisho, uitazame beringi. Ikiwa rangi ya fedha imefutika na shaba inaonekana, badilisha beringi zote pamoja na kupima krenki. Kazi hiyo hufanyika injini ikiwa ndani ya gari.